Mwache Anune Kwanza

Mpwa wangu amenuna tangu Jumatano. Yuko kidato cha pili katika shule moja hapa Kigoma, na kikundi chao cha maigizo kinaandaa igizo la Stanley na Livingstone walivyokutana Ujiji mwaka 1871. Yeye alitaka kuwa Livingstone. (Shule ni ya wasichana, kwa hiyo ndevu zitatengenezwa kwa pamba.) Kwa wiki mbili alikuwa anatembea uani kwa mkongojo na kukohoa kikohozi cha mzee mgonjwa, mpaka na sisi tukawa tunakohoa. Jumatano karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Livingstone ni rafiki yake wanayekaa dawati moja. Jina lake yeye liko chini kabisa, kwenye kundi la wapagazi.

Alirudi, akavua viatu mlangoni, akajifungia chumbani. Migebuka yake ya mchana ililala sufuriani hadi usiku.

Wafariji wakaanza. Dada yangu: "Mchezo tu huo, mitihani ndiyo ya kulilia." Jirani: "Mungu hakupenda, mwanangu." Mama yangu, ambaye amekamua mawese tangu mimi sijazaliwa, alisimama nje ya mlango akamwambia kwamba hata makapi ya chikichi hayatupwi, yanawashia moto. Nia yake njema kabisa. Lakini mtoto ambaye ameshajiona makapi, unamthibitishia ya nini? Kilio kikaanza upya.

Najua wengi hamtakubaliana nami, lakini maneno mengi tunayowaambia watoto siku waliyokosa kitu hayawafariji, yanawanyamazisha. Uso ulionuna unatukera, tunataka uondoke sebuleni. Mtoto naye anaelewa haraka: hapa hairuhusiwi kuumia kwa jambo dogo. Na nani kakwambia ni dogo? Mtu amekariri maneno wiki mbili, amesimama mbele ya wenzake hamsini, kisha kaambiwa hapana. Mimi mtu mzima nikinyimwa kazi baada ya usaili, nalala siku mbili na hakuna anayeniambia ni mchezo tu.

Nilipokuwa darasa la sita, Tabora, walitafutwa watoto wa kughani ngonjera siku ya kuupokea Mwenge. Mwalimu mmoja alinikatiza ubeti wa pili, akasema mbele ya wote kwamba nina sauti ya bata. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao. Nyumbani nikasema watoto wametosha. Sikununa hata dakika moja. Leo nina watoto watatu, na harusini nikipewa kipaza sauti nakipitisha kwa wa pembeni kama kaa la moto.

Kwa hiyo Jumatano ile nilipeleka chai na kitumbua, nikakaa kwenye kigoda, sikusema kitu. Baada ya muda akaanza kusema mwenyewe. Kumbe kukosa nafasi hakukuwa ndiko kunakomuuma zaidi. Ni rafiki yake. Alikuwa ameondoka shuleni kwa njia ya nyuma ili asikutane naye, na alikuwa anajiona mbaya kwa sababu moyoni aliomba huyo rafiki apoteze sauti. Nilimwambia ukweli: hata watu wazima huomba hivyo, tena wengine kanisani na msikitini. Kuomba hivyo moyoni ni jambo moja, kumnunia mwenzako mwezi mzima ni lingine. Hongera si lazima itoke leo. Ikitoka Ijumaa bado ni hongera.

Jambo la pili lilihitaji ujasiri zaidi: kumwendea mwalimu. Si kumpeleka mzazi, tafadhali. Kuna wazazi wanaokwenda shuleni kuomba mtoto wao apewe nafasi, na wakipewa wanamharibia mtoto wao na kumwonea wa mwenzao. Nasema aende mwenyewe, kwa adabu: "Mwalimu, shikamoo. Naomba kujua nilipungua wapi, nijirekebishe." Kwetu swali kama hilo huonekana ujeuri, ndiyo maana orodha hubandikwa kimya na watoto hujitungia sababu zao, karibu zote mbaya kuliko sababu yenyewe. Mpwa wangu alikuwa ameshaamua kwamba hana kipaji. Mwalimu alimwambia mambo mawili: sauti yake inazama mwishoni mwa kila sentensi, na ukumbi ni wa bati, mvua ikinyesha atakuwa anachezesha midomo tu. La pili, rafiki yake ni mrefu na Stanley wao ni mrefu, walitaka walingane. La sauti anaweza kulifanyia kazi. La urefu halimhusu, alitupe ziwani.

Nilipomwona amepoa nikajaribu ujanja wangu. Nikamwambia kwamba, kwa maandishi ya Stanley mwenyewe, aliyetangulia kumsalimu pale Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Na mzee alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ni Susi na Chuma na wenzao walioubeba mwili wake, wakapita Kwihara kule Tabora, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Safari ya miezi. Nikauliza: igizo linalochezwa Kigoma linawezaje kuwapa wageni wawili maneno yote?

Alinitazama kwa huruma. "Mjomba, wapagazi tuko kumi na mbili na hatusemi hata neno moja. Tunabeba maboksi."

Sikuwa na jibu. Jana jioni nimemsikia uani akisoma gazeti kwa sauti, akivuta mwisho wa kila sentensi mpaka kuku wakakimbia. Igizo ni wiki mbili zijazo. Ameshaniambia nisikae mstari wa mbele.