Kocha wa Tatu na Gharama ya Kufundisha Bure

Hadi tarehe 1 Julai 2023, timu ya besiboli ya Divisheni ya I, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wenye mshahara, na kocha mmoja wa kujitolea ambaye idara ya michezo ya chuo haikuruhusiwa kumlipa hata senti. Ndivyo zilivyosema kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Siku hiyo cheo cha kujitolea kikafutwa, na vyuo vikapata ruhusa ya kuajiri msaidizi wa tatu kwa mshahara. Tangu hapo wakongwe wa mchezo wamekuwa wakilalamika kwamba ngazi ya kupandia ukocha imeng'olewa kipago cha chini kabisa, kile ambacho kijana asiye na jina angeweza kukikanyaga.

Malalamiko hayo yana uzito. Lakini yanasemwa na waliofika juu, na waliofika juu ndio wenye vipaza sauti. Upande wa pili, wa makocha waliojitolea kisha wakaishitaki NCAA, husikika kama watu waliochoka kazi wakaenda mahakamani kutafuta pesa, na hapo ndipo mjadala unapoharibika.

Neno lenyewe, kujitolea, linapotosha. Ukilisikia unamfikiria mzee mstaafu anayepita uwanjani jioni mara mbili kwa wiki. Kocha huyu alifika kabla ya wachezaji. Alivuta turubai, akarekebisha kilima cha mrushaji kwa kulowesha shimo lililochimbwa na viatu vya jana, kulijaza udongo mpya wa mfinyanzi na kuushindilia mpaka uwe mgumu. Alipanga nyavu, akasimama nyuma ya wavu mfupi na kurusha mipira ya mazoezi, mpigaji mmoja baada ya mwingine, hadi bega linawaka moto. Kisha akashika fungo, lile gongo refu jembamba la makocha, na kuwapigia walinzi mipira ya chini.

Siku ya mechi mara nyingi ndiye aliyesimama kando ya kituo cha kwanza, saa ya kupimia mkononi. Anaibonyeza saa mrushaji wa wapinzani anapoanza kurusha, anabonyeza tena mpira unapotua kwenye glavu ya mdakaji. Ikisoma sekunde 1.3, mkimbiaji wake atulie. Ikisoma 1.5, ananong'onezwa akimbilie kituo cha pili, kwa sababu mdakaji mzuri huhitaji kama sekunde 2 kuufikisha mpira kituo cha pili, na mkimbiaji mwepesi hutumia kama 3.4 kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili. Hesabu hiyo huamua mechi, na msimu una mechi hadi 56. Aliyeifanya alikuwa na haki ya kupewa tiketi mbili za mechi za nyumbani, na chakula pale timu inapokula pamoja.

Riziki yake ilitoka kwenye kambi za mafunzo, ambako wazazi huwalipia watoto waje chuoni kufundishwa siku mbili tatu, na kwenye masomo ya binafsi ya nusu saa nusu saa. Katika chuo chenye jina, kambi zilijaa na mtu aliishi vizuri. Katika chuo kisicho na jina, wiki moja ya mvua mwezi wa Juni ilitosha kula kodi ya nyumba. Tena kambi hizo mara nyingi ni biashara ya kocha mkuu mwenyewe. Kocha mkuu akifukuzwa, kambi imeondoka naye, na bima ya afya kutoka chuoni haikuwepo tangu mwanzo.

Pamoja na hayo, kilichomkaba zaidi hakikuwa mfuko. Kanuni ileile ilimkataza kutoka nje ya chuo kwenda kuwapima au kuzungumza na vijana wanaosakwa, yaani wale ambao chuo kinataka waje kukichezea. Hapa ndipo watetezi wa mfumo wa zamani hupita haraka, na hapa ndipo pa kusimama.

Kocha wa besiboli ya chuo hupanda cheo kwa usakaji kuliko kwa jambo jingine lolote. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya I ilikuwa na ufadhili wa masomo 11.7 tu, wa kugawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27 katika kikosi cha watu 35, na aliyepewa hakupaswa kupata chini ya robo. Kwa hiyo ufundi haukuwa kumtambua mrushaji mwenye mpira wa kasi ya maili 95 kwa saa. Huyo hata mpita njia anamwona. Ufundi ulikuwa kujua ni kijana yupi atakubali robo, yupi ana alama za darasani za kumpatia msaada mwingine wa karo, yupi atachukuliwa na klabu ya kulipwa mwezi wa Julai akuachie pengo, na ni mama yupi anayetaka kusikia habari za masomo kabla ya habari za uwanja. Mambo hayo hujifunzwa kwenye mashindano ya kiangazi kule Georgia, Florida na Arizona, umekaa nyuma ya wavu na kipima kasi, simu imejaa namba za makocha wa timu za vijana.

Tazama waliofika juu. Tim Corbin, aliyekipa chuo cha Vanderbilt ubingwa wa 2014 na 2019, alikuwa msaidizi na msakaji katika chuo cha Clemson kabla ya kupewa timu ya Vanderbilt. Tony Vitello aliongoza usakaji katika chuo cha TCU, kisha cha Arkansas, ndipo chuo cha Tennessee kikamkabidhi timu mwaka 2017. Akatwaa ubingwa 2024, na Oktoba 2025 timu ya kulipwa ya San Francisco Giants ikamchukua moja kwa moja kutoka chuo kuwa meneja, yaani kocha mkuu wake. Sasa mweke kando ya hao kijana aliyejitolea miaka minne. Anaomba kazi ya msaidizi wa kulipwa. Swali la kwanza kwenye usaili: umetuletea wachezaji gani? Jibu la kweli lilikuwa kwamba kanuni ilimfungia getini. Mfumo ulioitwa shule ya ukocha ulimnyima mwanafunzi wake somo lenye mtihani mkubwa.

Waliokwenda mahakamani mwaka 2022 walisema vyuo vilikubaliana, kupitia kanuni hiyo, kuweka mshahara wa kazi halali kuwa sifuri. NCAA baadaye ilikubali kulipa dola milioni 49 kwa waliojitolea kwenye besiboli ya Divisheni ya I kati ya Novemba 2018 na Julai 2023. Fedha hizo zinaonekana nyingi mpaka uzigawe. Timu zilikuwa karibu 300, misimu 5, yaani viti 1,500 vya mwaka mmoja mmoja kama vyote vilikaliwa. Kila kiti kinapata kama dola 32,700, kabla ya mawakili kuchukua chao. Huo ni mshahara wa kawaida sana Marekani, kwa mtu aliyekaa benchi moja na kocha mkuu ambaye, katika timu kubwa, alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Na malipo hayamfikii aliyepiga hesabu mwanzoni, akaona hawezi kuishi bila mshahara, akaenda kutafuta kazi nyingine. Mfumo uliwachuja watu kwa uwezo wa nyumbani kwao kabla kipaji hakijaangaliwa: mwenye mzazi wa kumlipia pango alibaki, mwenye mdogo wake wa kusomesha aliondoka.

Wakongwe nao wana hoja mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni mlango. Kocha mkuu alithubutu kumchukua kijana asiyejulikana kwa sababu hakumgharimu kitu. Kiti kikishawekewa mshahara, kinatangazwa, maombi yanamiminika, na mwenye jina ndiye anayechukua. Hilo ni kweli, na kuna vijana wazuri watakaokosa nafasi kwa sababu hiyo. Ya pili ni bajeti. Kanuni mpya inaruhusu msaidizi wa tatu, haimlazimishi mtu kumlipa vizuri. Ukitoa timu chache za vyuo kama LSU (cha Louisiana) au Mississippi State zinazojaza viwanja, besiboli huingiza kidogo kuliko inavyokula. Tangu Julai 2025, vyuo vilivyojiunga na mapatano mapya ya kesi nyingine, ile ya House dhidi ya NCAA, vinaweza kugawia wanamichezo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, huku kikosi cha besiboli kikiwa na kikomo cha watu 34 na ufadhili ukiwa hauna kikomo tena. Mkuu wa michezo wa chuo kidogo akitafuta pa kukata, mshahara wa msaidizi wa tatu uko karibu na mkasi.

Hata hivyo, dai kwamba hapakuwa na pa kuanzia ila bure halisimami. Skip Bertman, aliyeipa LSU mataji 5 kati ya 1991 na 2000, alianza kama kocha wa shule ya sekondari Miami Beach. Wes Johnson naye alitoka kufundisha sekondari Arkansas, akapanda chuo kwa chuo hadi timu ya kulipwa ya Minnesota Twins ikamwajiri kocha wa warushaji kwa msimu wa 2019, na leo ndiye kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Georgia. Shule za sekondari hulipa. Kazi ya mwalimu ilimlisha mtu huku akijifunza ukocha, na mlango huo haukufungwa mwaka 2023.

Kufutwa kwa cheo hicho kuligusa Divisheni ya I peke yake. Chini yake vijana bado wanafundisha kwa posho, au kwa kulipiwa karo ya shahada ya pili. Kijana anayepewa nafasi ya namna hiyo aulize kabla ya kusaini: kambi ni za chuo au za kocha mkuu, na mgawo wake umeandikwa wapi, bima inaanza mwezi gani, na nani atakayempeleka kwenye mashindano ya kiangazi, kwa gari la nani na mafuta ya nani. Asipopewa jibu la hilo la mwisho, afadhali darasa la sekondari lenye uwanja nyuma yake.