Mtoto Kilo Tatu, Mizigo Kilo Mia

Sijui ni nani aliyewaambia watu wa Nairobi kwamba mtoto asipopokewa kwa baluni atakataa kutoka. Siku hizi mimba ikishaanza kuonekana kwa nguo, simu yako inalia tu: umeongezwa kwenye kundi la bebi shawa, ile sherehe ya kumpa mama zawadi kabla hajajifungua. Ukilifungua unakuta picha ya mtoto wa Kizungu amelala kwenye kikapu, watu mia na ushee ambao nusu yao huwajui, na namba ya M-Pesa imebandikwa juu kabisa ili usije ukasema hukuiona. Mweka hazina ashateuliwa. Wewe hukupiga kura, lakini utalipa.

Halafu inaanza ile orodha. Mtu anainakili, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Wawili wakiinakili kwa dakika moja, mmoja anamfuta mwenzake. "Jamani, mimi nilikuwa namba tisa, nani amenitoa?" Akirudishwa yeye, wa kumi anapotea. Watu wanashinda siku nzima wakizikana na kufufuana, na hapo katikati kuna mwerevu mmoja aliyejiwekea alama ya tiki mapema ilhali mweka hazina hajaona hata ndururu yake. Siku ya sherehe mtafute mezani. Ndiye anayesifu keki kwa sauti.

Mimi nauza spea Kirinyaga Road. Nalipwa mwisho wa mwezi, lakini mimba za watu hazijui mwisho wa mwezi. Kuna wakati nilikuwa kwenye makundi ya namna hii mengi kiasi kwamba pole za msiba nilizituma kwa bebi shawa, na hongera za mtoto zikaenda kwa kamati ya mazishi. Kamati ya mazishi ilinijibu "Amina". Hawasomi wale, wanahesabu tu.

Mama zetu hawakununua hata kitambaa kabla mtoto hajalia. Ilikuwa mkosi. Akishazaliwa salama ndipo wanawake walikuja kumwona, huyu na unga, yule na sukari na majani ya chai, mwingine na mzigo wa kuni mgongoni, na hawakuondoka kabla ya kumfulia mzazi na kumpikia uji. Sasa kuni zimegeuka baluni. Baluni huwezi kuichemshia uji.

Na wanaume wakati huo waliachwa kwa amani. Sisi tumeamriwa tuje, na tuje tumevaa rangi. Zamu ya mke wangu ilipofika, marafiki zake walichagua kijani fulani kisicho kijani, cha jani la mkaratusi. Nilizunguka soko la mitumba la Gikomba nikitafuta shati la rangi hiyo mpaka muuzaji mmoja akaniuliza, "Jani lililo mtini ama lililoanguka?" Nikamwambia lolote la mia mbili. Alinipa la bluu, akaapa kwamba jua likizama litafanana.

Kwenye sherehe yenyewe kuna mchezo wa kukisia tumbo la mama lina upana gani. Wanakata karatasi ya choo, wanamzungushia, iliyozidi inatupwa. Watu wazima wenye digrii wanakata tishu mpya, roli baada ya roli, wanacheka. Mimi nilikuwa pembeni nikipiga hesabu ya yale maroli, na ule ungekuwa mgao wa nyumba yetu hadi Krismasi. Nilijaribu kuokota vipande virefu, mke wangu akanitazama tu. Mtu aliyeoa anajua tazamo lile halihitaji maelezo.

Sasa tuje kwa zawadi. Hapa ndipo nina kesi.

Mimi nilikuwa nimesema mapema, kwa lugha nyepesi: leteni nepi. Mtoto mchanga anaweza kumaliza nane, kumi, hata kumi na mbili kwa siku, kwa sababu kazi yake hapa duniani kwa sasa ni hiyo tu. Dukani kwa jirani, nepi moja ni shilingi 20. Weka kumi kwa siku, ni 200. Zidisha kwa mwezi, ni 6,000. Hiyo ni kodi ya nyumba ya chumba kimoja pale mtaani. Kwa hivyo mimi nina wapangaji wawili: mmoja ni mimi, mwingine halipi na analala mchana.

Na hiyo ni kabla serikali haijamwona. Mnakumbuka ule Muswada wa Fedha wa 2024? Mle ndani kulikuwa na ushuru wa mazingira, na nepi zilipangiwa shilingi 150 kwa kila kilo. Kwa kilo! Mimi swali langu lilikuwa moja tu, na hakuna mbunge aliyelijibu: inapimwa ikiwa kavu ama baada ya kazi? Kwa sababu mwanangu angeifilisi nyumba kabla ya saa nne asubuhi. Vijana walijaa barabarani Juni ile, mambo yakawa mazito, na Rais hakuutia sahihi. Nepi zikapona. Bei yake haikushuka, lakini zilipona.

Basi, leteni nepi. Walileta nini?

Walileta viatu. Viatu vya ngozi vya mtu asiyejua kushika shingo yake. Walileta suti ndogo yenye tai, kana kwamba mtoto ana mahojiano ya kazi. Nguo za saizi sifuri zilikuwa gunia zima, na huyu kijana alizaliwa na kilo tatu na nusu, akaingia kwenye nguo hizo kwa wiki chache hivi, kisha mabega yakakataa. Zingine hazijatolewa hata karatasi ya bei. Gikomba ukiamka mapema robota likifunguliwa, unachagua zile za kamera, yaani zile bora za kwanza kutoka, safi kabisa, kwa hamsini hamsini. Lakini zawadi ya Gikomba haifungwi kwa utepe, kwa hivyo watu wanaenda kwenye duka lenye ngazi za umeme wakanunue fulana moja kwa elfu mbili. Fulana ya kutapikiwa.

Kuna aliyeleta mashine ya kupasha joto vile vitambaa vya kumpangusia mtoto makalio. Unaichomeka kwa stima. Token zangu, ambazo nanunua za hamsini hamsini huku nikiomba, ziende zikapashe joto makalio ambayo hayajawahi kulalamika! Mimi mwenyewe naoga maji baridi, na hayo maji baridi nimeyapandisha kwa mkono hadi ghorofa ya sita.

Ndiyo, ghorofa ya sita, mtaa wa Pipeline. Bedsita. Lifti hakuna, landilodi alilijenga jengo akili yake yote ikiwa kwa idadi ya vyumba. Sasa mtu anayejua vizuri ninapoishi, ameshakuja, ameshapanda zile ngazi akisimama kila ghorofa kupumua, ndiye aliyetuletea kamera ya kumwangalia mtoto akiwa "chumba kile kingine". Kipi? Kwangu ukikaa kitandani, jikoni ni pale mkono unapofika. Nikigeuza shingo namwona mtoto, nikiirudisha naona sufuria. Tukiiweka hiyo kamera itamwonyesha mtoto, mimi, mama yake na jirani anayeanika nguo mkabala na dirisha.

Shangazi mmoja, Mungu ambariki, alileta woka, kile kiti cha magurudumu cha kujifunzia kutembea. Moyo wake ni safi. Lakini Canada walipiga marufuku kuziuza mwaka 2004 kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka nazo ngazini. Ghorofa ya sita, jamani! Iko juu ya kabati mpaka leo, na shangazi akija tunaishusha tunamkalisha mdoli.

Mito pia ilikuja, seti nzima yenye umbo la mawingu. Nesi wa kliniki akatuambia mtoto mchanga alale chali kwenye godoro lililonyooka, pasiwe na mto wala midoli kando yake. Kwa hivyo hayo mawingu nayalalia mimi. Si mabaya, ila shingo inaninyong'onyea.

Sasa kigari. Kigari ndicho kilichoninyima usingizi hata kabla ya mtoto. Marafiki wa mke wangu walichangishana elfu ishirini na nane wakanunua kigari chenye breki, chenye kofia, chenye mahali pa kuweka kikombe cha kahawa. Mtengenezaji alifikiria kila kitu isipokuwa Pipeline. Ukikishusha kutoka ghorofa ya sita unafika chini mtoto ameamka na wewe umezeeka. Kutoka langoni hadi stendi kuna matope, mtaro wa maji machafu, mama wa viazi karai, nduthi inayopita upande usio wake, na lile shimo ambalo mheshimiwa wetu alipigia picha wakati wa kampeni. Nilijaribu kukiingiza kwenye matatu, makanga akasema hicho ni mzigo, kilipe kiti. Nikamuuliza mtoto je. Akasema mtoto anapakatwa, ni bure. Yaani mtoto anasafiri bure, gari lake linalipa nauli.

Mtoto yuko mgongoni mwa mama yake, kwenye leso, amelala fofofo. Kigari hatukukitupa, lakini. Maji yakikatika, nakitoa. Kinabeba mitungi miwili ya lita ishirini bila kulia, na pale pa kikombe cha kahawa naweka simu. Keateka wa jengo ashaniuliza mara kadhaa kama nakikodisha.

Mwenzangu mmoja hapo kazini, anayependa kunisomea mambo ya ulaya wakati nimekasirika, aliniambia kwamba kule Finland serikali humpa mama mjamzito sanduku lenye nguo na shuka na vitu vya mtoto, na hilo sanduku lina godoro, mtoto anaweza kulala humo humo. Walianza mwaka 1938 kwa akina mama wasio na uwezo, na tangu 1949 ni kwa wote. Sanduku! Nikampelekea mke wangu habari hiyo nikiwa na tumaini. Nikamwambia, mama, hata sisi tuna katoni nzuri sana dukani, ile ya kufungia klachi. Hakunijibu. Aligeuka akaendelea kumvisha mtoto utepe wa maua kichwani. Ni mvulana.

Na sheria, msisahau, inanitambua. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo zenye malipo kamili. Nilipoziomba, mdosi alinitazama kifuani kwa muda mrefu, akauliza, "Wewe utanyonyesha nini?" Nilizipata, lakini sikuzilala nyumbani, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameingia.

Mama mkwe alishuka kwenye basi kutoka magharibi na mizigo yake: kikapu cha njahi za kuongeza maziwa, jogoo hai, unga wa wimbi, na kanga kuukuu zilizochakaa mpaka zikawa laini. Alipanda ghorofa sita bila kusimama. Akaingia, akatazama huku, akatazama kule, mashine, mito, woka, beseni la kuogea lenye kipimajoto. Akauliza, "Hapa mtoto ni yupi?" Kisha akaomba karai.

Nawaheshimu sana wakwe zangu. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, hata salamu ya mkono tunaikwepa, na kwangu chumba chenyewe ni hicho kimoja. Basi mtu aliyetakiwa kuhama ni yule anayelipa kodi. Nililala kwa rafiki yangu anayeishi mtaa wa Kware, sakafuni, kwenye mito ya mawingu. Na kila asubuhi napigiwa simu: njoo na nyama ya supu, njoo na njahi zingine, njoo na maji. Nafika mlangoni, napokelewa mizigo, naonyeshwa mtoto kwa mbali, narudi. Ukitaka kujua gharama halisi ya mtoto usiulize dukani, muulize rafiki yangu wa Kware anakula nini tangu nihamie kwake.

Mtu akiniuliza leo ampelekee nini mzazi, nitamjibu bila kufikiri. Pampa, na si za saizi ya kwanza peke yake, changanya. Sabuni ya unga. Mchele kilo tano. Mlipie token. Mletee mtu wa kufua siku moja. Ama pita tu, upike, uoshe vyombo, uende zako kabla hujaulizwa chai. Najua havipendezi kwa picha.

Kwa sasa nina kitu kimoja tu kinachonisumbua kichwa. Wafanyakazi wenzangu, watu wa spea, watu wanaojua vizuri kabisa kwamba mimi nauza vipuri vya magari ya wengine na sina hata kifuniko cha gurudumu changu mwenyewe, walichanga wakaninunulia kiti cha mtoto cha kufungwa ndani ya gari. Na mikanda yake. Na kivuli cha dirisha. Kiti kiko, hakijawahi kuona gari, bei ni maelewano. Anayekihitaji aje na pampa saizi ya nne tubadilishane, ila ajue mimi sishuki nacho zile ngazi. Apande mwenyewe, na akipanda aje na mtungi mmoja wa maji.