Ngamia wa Risepsheni

Kuna hoteli moja huku Bamburi, jina siitaji kwa sababu bado wananidai na mimi nawadai, nilianza pale kama mbeba mizigo na kiingereza changu kilikuwa cha mizigo hivyo hivyo, this way, mind the step, basi tumemaliza. Sasa siku moja jamaa wa risepsheni wa usiku kashikwa na tumbo, viazi karai vya juzi hivyo na alionywa, mimi nikaambiwa shikilia wewe.

Usiku huo likaja kundi la wazee wa kijerumani kama 20 hivi, wametoka Nairobi na SGR wakashuka Miritini, halafu jam ya Changamwe ikawaweka mpaka wakafika saa nne wamechoka hawataki hata kuulizwa jina. Nikawapokea wallahi vizuri, dafu baridi kila mtu na lake, kikuba cha asmini, ufunguo, kalale baba. Kupokea hakukunishinda. Kuandika ndo kulinimaliza.

Maana meneja asubuhi anataka ripoti ya shifti kwa kiingereza kwenye lile buku kubwa. Nikakaa na peni. Nataka kusema tuliwakaribisha wageni, kukaribisha najua ni welcome, haya na ikiwa ni jana? Nikamkumbuka mwalimu wangu wa primary kule Kisauni alivyokuwa akituimbisha na mwiko mkononi, come came, become became, overcome overcame, na ule mwiko haukumwachia mtu nafasi ya kusahau. Nikaona hesabu imekaa yenyewe. "We welcame the guests at the gate." Nikaliona tamu nikaongeza, "The old ones were welcamed first. After we welcamed them they slept." Mara 3 ukurasa mmoja! Nikamwita soja, mzee mmoja wa Kaloleni, nikamsomea, akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, hicho kiingereza kimesimama."

Asubuhi mkutano. Sasa lazima ujue kitu, wiki ile madam alikuwa amegombana na vijana wa ngamia wa bichini, ngamia mmoja aliingiza shingo akala maua ya kando ya swimming, madam akapiga marufuku, ngamia asivuke ukuta. Basi siku hiyo kaja miwani kasahau nyumbani, buku analisogeza mbali analirudisha karibu, na mwandiko wangu mimi ni kama kuku kapita kwenye unga. Akasoma pole pole, "We... camel... the guests... at the gate."

Akanyamaza.

"Nani kaleta ngamia getini?"

Na mimi nimesimama pale nashangaa pamoja na wengine, najiambia kumbe usiku kulikuwa na ngamia sikumuona! Akaendelea, "Na wazee ndo wamepandishwa kwanza! Saa nne usiku! Akianguka mtu avunjike nyonga?" Akamgeukia soja. Yule mzee nilimsomea kwa mdomo wangu, angeniokoa kwa neno moja, lakini kazi ni kazi, akasimama wima akasema, "Madam, mimi ngamia sikumuona. Labda alipita nikiwa chooni."

Labda! Hapo ndo ikaharibika kabisa. Mtu wa bustani akaapa kaona kinyesi. Mmoja wa jikoni naye akasema ndo maana usiku alisikia kitu kinatafuna.

Ikabidi mama wa akaunti, mtu mpole hasemi sana, aliombe lile buku. Akasoma, mabega yakaanza kumtetemeka. "Madam, hapa hakuna ngamia. Hapa kuna past tense imevunjika mguu."

Akanieleza mbele ya watu wote, welcome haliendi na came, ni welcomed tu kama work na worked, eti limeanzia kwenye neno la kiingereza cha kale, wilcuma, mgeni uliyemtaka mwenyewe. Halafu mgeni akikwambia thank you unajibu you are welcome, hapo d usiitie. Nikamwambia lakini mama overcome si ni overcame? Akasema ndiyo. Nikasema sasa? Akasema ndo hivyo. Sisi karibu ni moja tu, hodi karibu, asante karibu, chakula karibu, wenzetu kila mlango na ufunguo wake. Siku ile nzima mzungu akisema thank you mimi natoa meno tu, mdomo siufungui kwa neno.

Jioni natoka geti la nyuma nikamkuta kijana wa ngamia ananisubiri, ngamia mwenyewe kalala pembeni anacheua kama hakuna jambo.

"Kaka, nasikia usiku ngamia wangu kawabeba wazungu 20 hapo kwenu. 500 kwa kichwa, ni 10,000 hiyo. Yangu iko wapi?"