Sendofu ya mke wangu ilivyoenda kuamia ndege

Zamani nilikuwa na laibrari ya kukodisha muvi hapa Tabata, flashi zikaja, simu zikaja, biashara ikafa kifo cha mende na mimi nikabaki na magunia mawili ya sidii uvunguni. Mama watoto kila akifagia lazima aulize, "hivi baba nanii, haya madude utazikwa nayo?"

Jumamosi moja nikayapeleka kwa jamaa wa skrepa. Akachukua kava moja akalibana na vidole viwili, kah! likakatika kama glasi. "Kaka mimi nanunua plastiki inayopinda, ndoo, viti, madumu, hii inalia." Haya, sidii je? Akaigeuza juani, akasema hii ina madini ndani, ukiichanganya na ndoo umeniharibia mzigo wote. Nikalipa bajaji kwenda, nikalipa bajaji kurudi.

Jioni hiyohiyo mama mkwe akapiga kutoka Ifakara, mpunga umeshika maziwa na ndege wanaumaliza, watoto wamechoka kupiga debe. Nikaona hii ndo nafasi ya kung'ara ukweni, maana sidii ukiitundika na uzi inazunguka inamulika kila upande ndege anachanganyikiwa. Usiku kucha nikawa navua sidii kwenye makava, vidole vimechanika, na kwa uchovu nikazoa kila kitu kilichokuwa uvunguni bila kuangalia. Asubuhi gunia likapanda basi.

Wiki haijaisha simu inaita, "baba ubarikiwe, ndege wanageuzia juu kwa juu!" Nikatembea mtaani kifua mbele, hata wife alinipikia pilau siku isiyo na sikukuu.

Mwezi uliofuata mama mkwe akaja mjini kwenye ubatizo wa mtoto. Tumekula, tumeshiba, akasema, "hebu wekeni ile sendofu nimwone marehemu kaka yangu alivyocheza." Wife akaingia chumbani kwa mbwembwe, akatoka na kava lenye picha yetu, akalifungua, tupu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia feni, ambayo hata haikuwa inazunguka.

Mama mkwe akauliza taratibu, "ni ile yenye picha ya mwanangu ana gauni la kijani?" Ndiyo mama. "Mbona hiyo iko kwenye mti pale karibu na kichuguu! Mimi nikajua mmenitumia picha ya mtoto niwe namwona nikiwa shambani."

Nilitamani ardhi ipasuke, ila ukweni hata ardhi inakuonea aibu. Shemeji mdogo akapigiwa simu, akapanda mti, ikaja na basi imefungwa kwenye kanga. Mavi ya ndege tukafuta. Tatizo likawa huku chini, ilikuwa ya zambarau imekuwa rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Sasa mimi mtu wa laibrari najua, ile ya kiwandani data zinagongwa zikabaki, ila hii ya kuchoma inaandikwa kwenye rangi na jua likiila rangi limekula na harusi. Nikajua, nikanyamaza.

Deki letu la mwisho likakohoa kohoa, tukapaka dawa ya meno tukafuta na pamba, ikakubali! MC anasikika, "mama mzazi sogea ulishwe keki," mama mkwe akasogea kwenye tivii na sebuleni pia akasogea, mdomo ukafunguka mpaka meno ya nyuma yanahesabika, macho juu, halafu picha ikaganda hapohapo. Vimraba vikajaa shavu moja. Nikatoa, nikarudisha, mdomo uleule. Mara ya tatu, uleule.

Kimya. Watoto wamejibana. Mama mkwe akavaa miwani, akajiangalia vizuri kwenye kioo, akasema:

"Ndo maana ndege walikuwa wanakimbia."