Kufunga au kutofunga milango ya gari tunapojaza mafuta

Mwezi uliopita jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliingia kwenye kituo kimoja cha mafuta hapa Tanga, upande wa Ngamiani, akazima injini, akamwambia mhudumu amwekee petroli ya shilingi elfu thelathini, kisha akashuka kuhakikisha kwamba pampu inaanzia sifuri. Aliporudi, mlango wa dereva ulikuwa wazi na mkoba uliokuwa kiti cha mbele haupo. Ufunguo ulikuwa ungali unaning'inia kwenye swichi, na mwanawe wa miaka mitano alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akamweleza mama yake kwa utulivu kwamba kaka mmoja amechukua mkoba.

Jioni ile barazani mabishano yalikuwa makali. Kaka yake mwalimu alishikilia kwamba dereva yeyote anayeshuka sheli lazima afunge loku, kwa kuwa kibaka hahitaji zaidi ya sekunde tatu. Mzee mmoja aliyeendesha mabasi kati ya Tanga na Dar es Salaam kwa miaka mingi akampinga moja kwa moja: gari likiwa kwenye pampu milango isifungwe kamwe, kwa sababu moto ukilipuka haumsubiri mtu atafute kitasa. Wote wawili nawaheshimu, na wote walisema jambo ambalo mwenye gari hawezi kulipuuza. Nimelifikiria tangu siku ile, na sikubaliani kikamilifu na yeyote kati yao.

Ushauri wa kufunga milango umetiwa nguvu hasa na nchi ambako dereva hujijazia mafuta mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, dereva hushuka, hujaza, kisha mara nyingi huingia dukani kulipa, na gari lake hubaki peke yake kwenye pampu. Nchini Marekani wapo wezi wanaoinama chini ya usawa wa vioo, wakafungua mlango wa abiria na kuondoka na mkoba huku mwenye gari ameshika bomba upande wa pili. Hata huko hali si moja, kwani jimbo la New Jersey limemkataza dereva kujijazia mafuta tangu 1949. Utaratibu wetu unafanana zaidi na huo wa New Jersey: mhudumu ndiye anayeshika bomba, malipo hufanyika hapo hapo kwenye pampu, iwe kwa fedha taslimu au kwa simu, na risiti huletwa dirishani. Anayesema kwamba ushauri wa Wazungu hautuhusu ana hoja, maana dereva asiyeshuka hana gari tupu la kufunga.

Ila madereva wetu hushuka, na wana sababu. Hushuka kuangalia sifuri, kuhakikisha kifuniko cha tangi kimerudishwa vizuri, kupima upepo wa matairi, kununua maji, kwenda msalani. Sitamlaumu mtu kwa kuangalia pampu. Hiyo ni haki ya mnunuzi, na kwa bei za mafuta tulizozishuhudia miaka ya karibuni kila lita ina uzito wake mfukoni. Ubaya ni kwamba macho yake yote huwa kwenye tarakimu, na hapo ndipo umbo la magari yetu linapomsaidia mwizi. Magari mengi tunayoyatumia hapa ni Toyota kutoka Japani, usukani uko kulia, na mengi kati ya hayo mdomo wa tangi uko kushoto, nyuma. Dereva akishuka huzunguka gari zima na kusimama upande wa pili, akiuacha mlango wake mwenyewe nyuma ya mwili wa gari, asiweze kuuona. Mlango huo ndio ulio karibu na swichi yenye ufunguo. Kwa hiyo yaliyompata mwalimu yangeweza kuwa mabaya zaidi kuliko kupoteza mkoba wenye simu na vitambulisho: kijana yule angekaa kwenye kiti na kuwasha gari, mtoto angeondoka nalo. Sijaacha kuliwaza hilo.

Wanaounga mkono loku husahau jambo moja ambalo mtu wa Tanga hapaswi kusahau. Injini inapozimwa, kama inavyotakiwa, kiyoyozi nacho hunyamaza. Katika miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, gari lililosimama juani huwa tanuri mara moja, na jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kushusha vioo. Mlango uliofungwa loku huku kioo kikiwa chini haumzuii yeyote, kwani mkono hupita juu, huvuta kitasa cha ndani au huchukua mkoba bila hata kugusa mlango. Nimeona madereva wakibonyeza rimoti kwa uangalifu mkubwa, taa zikamulika mara moja kuthibitisha, na vioo vyote vinne viko chini. Huko si kulifunga gari.

Upande wa mzee unahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu anachokihofia ni uhai wa watu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzijoto 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki kwenda juu bali hutambaa chini na kujikusanya penye mabonde na chini ya gari. Dizeli ni tofauti, huhitaji joto la zaidi ya nyuzijoto 50 ndipo mvuke wake ushike moto. Lakini kituo kimoja huuza vyote viwili, na gari la dizeli husimama mita mbili tu kutoka kwenye pampu ya petroli. Watanzania hatuhitaji kufundishwa kasi ya moto huo. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na moto uliozuka uliua zaidi ya watu 100. Lori lililomwaga mafuta barabarani si sawa na pampu inayofanya kazi vizuri, na vituo vina mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga. Lakini muda wa kukimbia, moto ukishashika, huwa mfupi vilevile.

Ndani ya gari lenye milango iliyofungwa, muda huo hupungua zaidi. Mtu mzima aliyekaa mbele ataweza kufungua kwa kuvuta kitasa, kwa kuwa magari mengi yameundwa hivyo. Tatizo liko nyuma. Milango ya nyuma ya magari mengi ina loku ya watoto, ile ndogo iliyo pembeni ya mlango, ambayo ikishawekwa mlango haufunguki kutoka ndani hata ukivutwa vipi. Wazazi wengi huiweka na kuisahau, na wanafanya vyema, kwa sababu barabarani inaokoa watoto. Lakini mtoto aliye nyuma ya loku hiyo anategemea mtu wa nje amfungulie, na kama dereva amebonyeza rimoti na kuondoka, hata mhudumu aliye karibu hawezi. Juu ya hayo kuna joto lenyewe: gari lililofungwa vioo juani huweza kuongeza nyuzijoto 10 hivi ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Kuna hofu moja upande huu ambayo sioni kwamba ina nguvu, nayo ni ile ya kusema kwamba rimoti au mota ya loku hutoa cheche ya kulipua kituo. Mawimbi ya rimoti ni dhaifu mno, na mota za loku zimo ndani ya milango, mbali na mdomo wa tangi. Kinachojulikana kuwasha moto kwenye pampu ni umeme tuli unaojikusanya mwilini mtu anapoteleza kwenye kiti, akatoka na kugusa bomba, hasa kule ambako dereva huanza kujaza, akaingia garini kungoja, kisha akatoka tena kushika bomba. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu hupunguza umeme huo. Tena kwetu bomba hushikwa na mhudumu ambaye haingii wala hatoki garini. Tusiijenge hoja juu ya cheche za loku.

Hoja ya mzee ambayo ilinigeuza mawazo ni nyingine, na aliitoa mwishoni, karibu tunaagana. Alisema kwamba moto ukizuka kwenye pampu moja, kazi ya haraka ni kuyasukuma magari mengine yatoke, na gari lililofungwa, ufunguo mfukoni mwa mtu aliye msalani, halisukumiki: usukani umejifunga, breki ya mkono imevutwa, gia haiwezi kuondolewa. Fikiria siku moja kabla ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya, pale watu wanapotarajia bei kupanda na foleni ikatoka kituoni hadi barabarani. Gari moja lililofungwa na kuachwa mbele ya pampu huwazuia wote walio nyuma yake. Dereva aliyelinda mkoba wake amehamishia hatari kwa wengine, na wengi wetu hatujawahi kulitazama jambo hili kwa jicho hilo.

Nilipoyaweka yote haya pamoja niliona kwamba kaka na mzee hawakuwa wakizungumzia gari moja. Kaka alikuwa akiliona gari tupu, mwenyewe amesimama pembeni. Mzee, kwa desturi ya kazi yake, alikuwa akiona gari lenye watu. Gari tupu ambalo dereva amesimama hatua mbili kutoka kwake lifungwe, vioo vikiwa juu, na ufunguo uwe mkononi mwake, kwa sababu moto ukitokea hakuna anayefungiwa humo na yeye yupo hapo hapo kufungua na kulisogeza. Gari lenye watu ndani lisifungwe, awe dereva amekaa ndani au ameshuka. Na dereva anayetaka kwenda mbali zaidi, dukani au msalani, amalize kulipa, alisogeze gari pembeni mbali na pampu, kisha alifunge na kuliacha. Hatua hiyo ya mwisho hugharimu dakika moja, na ndiyo tunayoipuuza kuliko zote.

Kwa gari lenye watu bado swali la mwizi linabaki, na hapa kaka yake mwalimu ana haki ya kudai jibu. Jibu langu ni ufunguo. Ukitoka kwenye swichi na kuingia mkononi, hasara kubwa kabisa, ya kuibiwa gari na mtoto akiwemo, inakuwa ngumu mno kutokea, hata kama milango yote iko wazi. Mkoba nao uwe chini ya kiti au begani, kioo cha upande usioonekana kipandishwe. Hayo hayamzuii mtu yeyote kutoka wala kuokolewa.

Wenye vituo nao wasikae pembeni kana kwamba hili ni la dereva peke yake. Mahali kama Segera, kilomita 70 hivi kutoka mjini, ambako magari ya Arusha, Tanga na Dar es Salaam hukutana usiku kucha, dereva hushuka akiwa amechoka, abiria wake wamelala, na wachuuzi huzunguka gari pande zote. Taa inayomulika pande zote mbili za pampu ingefanya kazi kubwa kuliko loku. Vilevile mhudumu wa pili anayesimama upande ambao mwenzake hauoni, na kioo kikubwa cha pampu kinachosomeka kutoka kwenye kiti cha dereva, kwa sababu dereva anayeiona sifuri akiwa amekaa hana haja ya kushuka.

Mwalimu aliniuliza baadaye kuhusu hali yake hasa, maana mara nyingi huwa na mtoto aliyelala, na wakati mwingine mama yake mzazi asiyeweza kutembea bila kushikwa. Nilimwambia kwamba siku hizo asishuke kabisa. Atoe ufunguo kwenye swichi, aupitishe kidoleni, amwombe mhudumu amsomee pampu kwa sauti kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na mlango wake auache bila loku.