King darasani: picha halisi, maelezo ya uongo

Mwaka 1965, msafiri kwenye barabara za majimbo ya kusini mwa Marekani alikutana na mabango makubwa yenye picha ya Martin Luther King, mchungaji na kiongozi wa kutetea haki za watu weusi, ameketi kwenye hadhira, na maandishi yanayodai kuwa hapo yuko katika shule ya mafunzo ya Kikomunisti. Picha haikughushiwa. Ilipigwa mwaka 1957 Highlander, Tennessee, shule iliyowafunda viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa harakati za watu weusi, siku ilipoadhimisha miaka 25. Aliyeipiga alitumwa na tume ya serikali ya jimbo la Georgia, iliyokuwa ikitetea ubaguzi. Uongo wote ulikaa kwenye maelezo ya picha.

Masomo ya kuchambua habari humzoeza kijana kutafuta kilichochezewa. Haja ipo: Oktoba 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kusitisha utengenezaji wa video za King kwa Sora, programu yake ya kutengeneza video kwa akili bandia, baada ya watu kumtengenezea video za kumdhalilisha. Lakini bango la 1965 lingepita ukaguzi huo bila shida. Linabanwa na maswali mengine: nani alimtuma mpiga picha, nani alilipia bango, na nini kimeachwa nje?

Illinois imeyafanya masomo haya kuwa ya lazima sekondari tangu mwaka wa masomo wa 2022–23, na mwaka 2023 New Jersey na California zikapata sheria zake. Ubishi sasa ni wa mifano ya kufundishia, na mimi naona King anafaa kuwa mmoja wao. Wanaokataa King atumike wanasema vipindi vya historia tayari ni vichache. Mtoto asiyejua mgomo wa mabasi wa Montgomery, watu weusi walipokataa kupanda mabasi yenye ubaguzi, atachambuaje namna ulivyosimuliwa? Ni kweli, basi historia itangulie. Wanasema pia kwamba mtoto akifundishwa kushuku kila picha ya shujaa, mwisho hataamini chochote. Hofu hii naielewa, ila nadhani inamkosea King.

Tazama takwimu za Gallup, kampuni ya kura za maoni. Mwaka 1966, Wamarekani 63 kati ya 100 walikuwa na maoni mabaya juu yake. Mwaka 2011, 94 kati ya 100 walimsifu. Mtu ni yule yule, na tangu alipouawa mwaka 1968 hajaongeza neno. Sehemu ya badiliko hilo ni ukomavu wa jamii; kizazi kimepita, kingine kimezaliwa, sheria zimebadilika. Kuinyima jamii sifa hiyo si haki. Lakini hao 94 wanampenda King yupi? Hotuba yake ya Agosti 1963 ilichukua kama dakika 17, na televisheni hurudia ile sehemu ya ndoto, iliyokuja mwishoni. Kabla ya ndoto alizungumzia deni: Marekani imewapa watu weusi hundi, wakaipeleka benki ikarudi kwa kukosa fedha. Maandamano yenyewe yaliitwa ya Ajira na Uhuru. Aprili 1967 alipoilaani vita ya Vietnam, New York Times na Washington Post zilimkemea. Mwaka mmoja baadaye aliuawa Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Sina hakika wazoa taka hao wamo ndani ya ile 94. (Sisi tunaotumiwa vipande vya Nyerere kwenye WhatsApp, bila mwaka wala mahali, tusijione tuko mbali na jambo hili.)

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Februari 4, 2018. Kampuni ya magari ya Ram iliweka sauti ya King kwenye tangazo la Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kutoka mahubiri aliyoyatoa siku hiyo hiyo miaka 50 kabla. Walichagua sehemu inayosema kila mtu anaweza kuwa mkuu kwa sababu kila mtu anaweza kutumikia. Mle mle katika mahubiri hayo, King anawatahadharisha waumini juu ya matangazo ya biashara yanayomrubuni mtu anunue, na magari anayataja. Sauti ni yake, na kibali kilitolewa na wasimamizi wa haki zake. Darasa likisikiliza mahubiri yote, kisha likatazama tangazo, somo limekwisha. Na mwanafunzi hatoki hapo amempoteza King. Anatoka amemsikia zaidi.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mafaili ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Novemba 1964 mkuu wake, Hoover, alimwita King mwongo kuliko wote nchini, na mwezi huo huo shirika likamtumia barua isiyo na jina ambayo King aliielewa kuwa inamtaka ajiue. Julai 2025 serikali ilipotoa zaidi ya kurasa 230,000 kuhusu mauaji yake, watoto wake waliomba zisomwe kwa huruma. Mwalimu anaweza kujikuta anasambaza fitina zilizoandikwa ili zisambae. Kwa hiyo ningeweka sharti: nyaraka hizo zisomwe na madarasa ya juu tu, na kila moja ianze na aliyeiandika, kwa amri ya nani, akitaka nini. Mwalimu asiyeweza kulitimiza aziache, abaki na mahubiri na tangazo la gari. Hapo pekee kuna kazi ya wiki nzima.