Hata baba mdogo ana titi, tujikague jamani

Aliyegundua ni mama mdogo, tena kwenye beseni la kufulia. Kila akifua singlendi za mumewe anakuta kadoa kadogo, rangi kama ya chai ya rangi hivi, na kako palepale kila mara, kifuani upande wa kushoto. Mwanzo akajua ni oili maana baba mdogo ni fundi gereji huko Tandika, nguo zake zote zina oili. Ila oili haichagui sehemu moja wiki nzima, alafu hili doa lilikuwa linatokea kwa ndani. Alipomuuliza akajibiwa "aah nimeng'atwa na mbu nikajikuna", yakaisha.

Ilipita kama miezi saba toka doa la kwanza mpaka siku tuliyoambiwa ni kansa ya titi, na hapo katikati alishauziwa antibayotiki duka la dawa mara mbili, akaenda zahanati moja akaambiwa jipu linaiva avumilie, jirani akamletea dawa ya kienyeji ya kupaka, na muda wote huo hakuna hata mmoja wetu, na mimi nimo, ambaye neno kansa lilimjia kichwani, kwa sababu moja tu, yule ni mwanaume na wanaume tunajua hawana matiti. Wanayo. Nyama ile ya titi mwanaume anazaliwa nayo, yake ni kidogo tu na haikui, lakini ipo, na penye ile nyama kansa inaweza kuota.

Shirika la Afya Duniani wanasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na kansa ya matiti na watu 670,000 wakafa kwa ugonjwa huo. Wanaume kwenye wagonjwa wote ni kama nusu asilimia mpaka asilimia moja. Najua mtu atasema hao ni wachache sana, sawa, lakini uchache huo ndo unaowaua maana hamna anayewaangalia, na kwa mwanaume titi ni jembamba, uvimbe unakaa nyuma ya chuchu pale pale, hauna safari ndefu kufika kwenye ngozi na kwenye kifua. Wengi wanaopata ni watu wazima wa miaka 60 kwenda juu, yani baba zetu haohao ambao hata ukimuuliza anaumwa wapi anakwambia mwili umechoka tu.

Kwa wanawake wa Tanzania kansa inayoongoza ni ya mlango wa kizazi alafu ya matiti inafuata, na wagonjwa wetu wengi wanafika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, ambayo ni ya mwisho. Si kwamba uvimbe ulijificha. Mtu anakuwa ameshaushika kitambo, kaushika anaoga, kaushika ananyonyesha, akasubiri kuona kama utauma. Na hapa ndo naomba tusikilizane vizuri, uvimbe wa kansa mwanzoni mara nyingi HAUUMI. Tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu, kisichouma tunakiacha, kwa hiyo kile ambacho kilitakiwa kitukimbize hospitali ndo kinatutuliza nyumbani.

Sasa kujikagua kwenyewe. Kama bado unaziona siku zako, subiri zikiisha, siku tatu mpaka tano baadae, kwa sababu zikikaribia matiti yanajaa, yanauma na yanakuwa na vibonge vibonge vya kawaida kabisa ambavyo vitakutisha bure. Kama umeshakoma hedhi au una mimba au unanyonyesha, chagua tarehe moja ya mwezi ushike hiyohiyo, mimi mama nimemwambia tarehe anayonunua luku. Anza mbele ya kioo, kifua wazi, mikono imeshuka, alafu inyanyue juu, alafu shika kiuno ubane, angalia tu. Unatafuta titi lililobadilika umbo, sehemu iliyobonyea, chuchu iliyokuwa nje sasa imeingia ndani, ngozi iliyoingia vishimo kama ganda la chungwa, wekundu au kidonda cha kwenye chuchu kisichopona. Kama toka unavunja ungo moja ni kubwa kuliko jingine basi hiyo ni wewe, wengi tuko hivyo, kinachotafutwa ni mabadiliko.

Baada ya hapo lala chali, weka mto chini ya bega la upande unaokagua, mkono wa upande huo uweke nyuma ya kichwa, tumia mkono mwingine. Usitumie ncha za kucha na usibinye kama unachagua embe sokoni, maana ukiminya kila kitu kitakuwa uvimbe. Laza vidole vitatu vya katikati, zungusha vimiduara vidogo, kwanza kwa wepesi, alafu kwa nguvu kiasi, alafu ukandamize mpaka usikie mbavu, na utembee eneo lote kuanzia kwenye mtulinga mpaka chini ya titi, kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani. Kwapa usiliruke, na ile sehemu ya juu ya titi inayoelekea kwapani ikague kwa utulivu kuliko zote kwa sababu ndo kansa nyingi zinapoanzia. Bafuni ukiwa na sabuni vidole vinateleza vizuri, wengi huko wanapata urahisi. Mwanaume naye ni hivyohivyo, na kwake ni dakika mbili tu, pitisha vidole kifua kizima, zungusha nyuma ya chuchu na pembeni yake, malizia kwapani, angalia na singlendi kama ina doa. Kuna wanaume matiti yanajaa kwa unene, au wakati wa balehe, au kwa dawa fulani, hilo peke yake si kansa, tatizo ni kitu kigumu upande mmoja au chuchu inayotoa majimaji au damu.

Niseme na jambo ambalo wahamasishaji wengi wanaliruka. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwandani, nusu wakafundishwa kujikagua na nusu hawakufundishwa, matokeo ya mwisho yakatoka mwaka 2002, na vifo havikupungua kwa waliofundishwa, kilichoongezeka ni watu kuchukuliwa vinyama vya kupima maabara kwa vivimbe ambavyo havikuwa kansa. Ndo maana nchi zenye mashine za mamogramu, yani eksirei ya matiti, kila kona siku hizi wanamwambia mwanamke alijue tu titi lake lilivyo, kipimo cha kutegemea kiwe mamogramu. Nimelifikiria sana hili na bado nasema tujikague, kwa sababu mama lishe wa Mbagala hana mamogramu inayomsubiri kila mwaka, ana vidole vyake. Lakini vidole haviponyi mtu. Ukijikagua ukakuta kitu alafu ukakaa nacho miezi saba hujafanya lolote, na usipokuta kitu pia haimaanishi ukipewa nafasi ya kipimo ukatae.

Na ukikikuta usianze kujiandalia msiba, vivimbe vingi vya matiti si kansa, vingine ni maji tu, vingine ni vibonge visivyo na madhara vya wasichana. Utajuaje? Kwa utrasaundi au mamogramu, na mwisho wa yote kinyama kinachochukuliwa kwa sindano kwenda kuangaliwa maabara. Hicho kinyama ndo watu wanakikimbia, eti kansa ikiguswa na chuma inasambaa. Jamani hapana, kansa inasambaa kwa sababu iliachwa, na mtu aliyechelewa anapofariki miezi michache baada ya kipimo tunakilaumu kipimo. Kuna na ile ya hela na simu kwenye sidiria, kila siku inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hakuna ushahidi kwamba noti inaleta kansa, na inanikera kwa sababu mwanamke anatoa simu kwenye sidiria anaona kashajikinga, kujikagua hajikagui.

Kingine ni jina la Ocean Road, ile hospitali ya kansa. Dar ukisema fulani kapelekwa Ocean Road watu sauti inashuka, na ni kwa sababu wengi tunaowajua walipelekwa pale wakiwa wameshachelewa. Pale pana kliniki ya uchunguzi pia, mtu mzima na afya yake anaingia anaangaliwa anarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba toka mtu afike hospitali mara ya kwanza mpaka majibu kamili zisipite siku 60. Sisi kwa baba mdogo, ukihesabu toka doa la kwanza, tulitumia mara tatu ya hizo na zaidi.

Mimi ninachoamini, haya mambo tusiyaachie Oktoba, mwezi wa kampeni za kansa ya matiti, na fulana za pinki. Tuna makungwi. Kila wikiendi hapa mjini kuna kicheni pati au mwali anafundwa, chumba kimefungwa, simu zimekusanywa, wanawake peke yao, hakuna aibu, na anayeongea anaaminiwa kuliko dokta. Mwezi uliopita kwenye ya mtoto wa dada Mbagala nilimfuata kungwi mapema, nikamwamkia, nikamwomba dakika kumi za hili. Akaniambia, "Mwanangu, mbona hili ni letu, mwili wa mwanamke nisipoufundisha mimi aufundishe nani?" Akalala mwenyewe kwenye mkeka, akaomba mto, akafunua khanga, akaonyesha toka kwenye mtulinga mpaka kwapani kuliko hata mimi nilivyomweleza. Baadae wakati wa chakula wakanifuata watu watatu, mmoja mmoja, kwa kunong'ona. Mmoja ana kibonge toka anamnyonyesha mtoto ambaye sasa anatembea. Kesho yake tulikuwa naye kwenye foleni.

Wanaume hawana kungwi wa hivyo, wana vijiwe. Baba mdogo alikatwa titi lote na tezi za kwapani, sa hivi anameza kidonge cha tamoksifeni, dawa ya kuzuia kansa isirudi, kila siku na ataendelea nacho miaka. Kilichomuuma zaidi ya kisu, aliniambia, ni lile benchi, kukaa peke yake katikati ya wanawake thelathini, nesi akaita jina lake na kila mtu akageuka kumtafuta mama gani huyo.

Amerudi gereji, kazi nyepesi nyepesi. Mwanzoni alikuwa anafunga shati mpaka kifungo cha mwisho kwenye joto lile la Tandika, mpaka juzi vijana wakambana, mzee ulikuwa unaumwa nini hasa. Akafungua shati akawaonyesha kovu, likaenda kimya pale. Jioni wakati wa kufunga kijana mmoja wa bodi akabaki nyuma, akamwambia mzee, baba yangu kule Rufiji ana kitu kama hicho, tunampaka mafuta. Wakampigia simu palepale. Anapanda basi Jumapili, na baba mdogo kasema kwenye lile benchi atakaa naye yeye.